Usukani na Barabara: Gari la Mbio na Viatu vya Majira ya Baridi

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya matope, vumbi na mashimo, kwa kuwa hayo ndiyo yanayolikabili gari la mwananchi na gari la askari kila siku. Wiki hii tutatoka kidogo nje ya mipaka yetu, twende katika nchi ambazo barabara hugeuka nyeupe kwa theluji na maji ya mfereji hugeuka jiwe. Huenda ukauliza: hayo yanatuhusu nini sisi tuishio penye mstari wa Ikweta, ambao theluji yetu iko juu ya milima ya Ruwenzori tu, mahali pasipopita gari lolote?

Yanatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni watoto na ndugu zetu walioko Ujerumani, Sweden, Uingereza na Kanada kwa masomo au kwa kazi. Kijana akipata mshahara wa kwanza huko, mara nyingi hutamani gari lenye injini kali, lile ambalo tangu utotoni alikuwa akilitazama katika mashindano ya magari huku akimeza mate. Ya pili ni magari yaliyotumika ambayo huletwa kwetu kutoka Japani, nchi ambayo sehemu zake za kaskazini hupata theluji nyingi sana. Baadhi ya magari hayo hufika Mombasa au Dar es Salaam yakiwa bado yamevaa matairi ya theluji, na hivyo hivyo hupanda hadi Kampala. Aliye huko na aliye hapa wanahitaji elimu moja: kila tairi limetengenezwa kwa hali yake, na nguvu ya injini haiwezi kulipa deni la tairi lisilofaa.

VIGANJA VINNE

Askari yeyote anajua kwamba buti la gwaride, hata likipigwa rangi liking'ae vipi, si buti la kupandia mlima wakati wa mvua. Gari nalo ni vivyo hivyo. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 hushikana na ardhi mahali panne tu, na kila mahali ukubwa wake ni kama kiganja cha mkono wa mtu mzima. Injini inapovuta, breki inapozuia na usukani unapogeuza, kazi yote hiyo hupita katika viganja hivyo vinne vya mpira. Viganja vikishindwa kushika, vyote vilivyo juu yake vinakuwa pambo.

Tufanye hesabu ndogo ya shule. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa juu ya lami kavu, dereva akikanyaga breki kwa nguvu, husimama baada ya mita 12 hivi, bila kuhesabu umbali uliopita wakati dereva alipokuwa bado anashtuka. Juu ya theluji iliyoshindiliwa, gari hilo hilo kwa mwendo huo huo huhitaji kama mita 33. Juu ya barafu inayoteleza huweza kuhitaji karibu mita 100, yaani urefu wa uwanja wa mpira wa miguu. Tena, mwendo ukiongezwa mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Dereva hakubadilika, breki hazikubadilika. Kilichobadilika ni mshiko baina ya mpira na ardhi.

Hapa ndipo mwenye gari la mbio anapojidanganya. Husema: "Gari langu huvuta kwa magurudumu yote manne, theluji itanifanya nini?" Ni kweli kwamba gari la namna hiyo, kama vile Subaru Impreza WRX, huondoka mahali pa utelezi huku mengine yakizungusha magurudumu bure. Lakini kila gari lina breki katika magurudumu manne, hata lile dogo la mwalimu. Kwa hiyo katika kusimama, mwenye gari la kuvuta kwa manne hana faida aliyomzidi nayo jirani yake. Ubaya wake ni kwamba kuondoka kwake kwa urahisi humfanya asahau kuwa barabara ni ya utelezi, mpaka afike kwenye kona akiwa na mwendo ambao matairi yake hayawezi kuuzuia.

MPIRA HUGANDA KAMA MAFUTA

Mama wa nyumbani anajua jinsi mafuta ya kupikia yanavyobadilika. Mchana wa jua hutiririka. Asubuhi ya baridi huwa mazito na kukataa kutoka katika chupa. Mpira wa tairi nao una tabia inayofanana na hiyo. Tairi la majira ya joto limechanganywa ili libaki imara lami inapochemka kwa jua. Baridi ikizidi, mpira huo hukakamaa na kuacha kujibana katika chembe ndogo ndogo za barabara. Watengenezaji wengi huchukua nyuzi 7 za Selsiasi kuwa mpaka: hali ya hewa ikishuka chini ya hapo, tairi la baridi huanza kulishinda tairi la joto, hata kama theluji bado haijaanguka.

Jambo hili huyagusa magari ya mbio kuliko mengine. Gari la namna hiyo mara nyingi hutoka kiwandani na matairi ya joto ya kushika sana, mapana, yenye ubavu mfupi. Matairi hayo ni hodari katika mwezi wa Julai, lakini katika mwezi wa Januari huwa kama sahani za udongo. Watengenezaji wenyewe huonya kwamba katika baridi kali sana mpira wa matairi hayo waweza hata kufanya nyufa gari likiendeshwa.

Tairi la baridi hufanya kazi kwa njia tatu. Kwanza, mpira wake umechanganywa uwe laini hata chini ya nyuzi sifuri. Pili, meno yake yana mikato myembamba mingi, mara nyingi yenye umbo la mawimbi. Mikato hiyo hufunguka tairi linapokanyaga, ikauma theluji na kufuta utando wa maji ulio juu ya barafu. Tatu, mifereji yake ni mirefu na mipana ili ijaze theluji na kuitupa nje. Zingatia kwamba barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri, yenye utando wa maji, huteleza kuliko barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo siku inayoonekana ya uvuguvugu ndiyo inayoweza kuwa ya hatari zaidi.

Elimu hii si ya jana. Kiwanda cha mpira cha mji wa Nokia, nchini Finland, kilitoa tairi la theluji la malori mwaka 1934, na mwaka 1936 kikatoa la magari madogo. Baadaye yakaja matairi yenye misumari midogo ya chuma. Misumari huuma barafu vizuri, lakini huikwangua lami na kuleta vumbi. Huko Japani vumbi hilo lilizidi hata likawa tatizo la afya katika miji ya kaskazini, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuzuia matairi hayo. Ndipo Wajapani wakatia bidii katika tairi lisilo na misumari, lenye mpira laini sana na mikato mingi. Ujerumani nayo hairuhusu misumari katika matairi ya magari ya kawaida. Finland, Norway na Sweden huiruhusu katika majira yake. Kule Sweden, kwa mfano, kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka tarehe 15 Aprili.

RIMU NDOGO, TAIRI JEMBAMBA

Sasa tufike kwenye uchaguzi wenyewe. Kijana mwenye gari la mbio hupenda rimu kubwa na tairi pana. Kwa majira ya baridi, shauri la mafundi ni kinyume chake: teremka inchi moja katika rimu, punguza kidogo upana wa tairi, na uongeze urefu wa ubavu wake.

Sababu ziko tatu. Tairi jembamba hukata theluji laini na ujiuji wa barafu likafikia sehemu ngumu iliyo chini, hali tairi pana hupanda juu na kuelea kama mtumbwi. Ubavu mrefu huikinga rimu isipigwe na mashimo na kingo zilizofichwa na theluji. Na tena, tairi la rimu ndogo kwa kawaida ni la bei nafuu kuliko la rimu kubwa.

Wapenzi wa mashindano watakumbuka jina la Björn Waldegård, Mswidi aliyeshinda Safari Rally mwaka 1977, 1984, 1986 na 1990. Dereva huyo alishinda pia mashindano ya kwao Sweden, yanayoendeshwa katika theluji, zaidi ya mara moja. Huko kaskazini magari ya mashindano huvaa matairi membamba ajabu, kila moja likiwa na misumari zaidi ya 300. Magari hayo hayo yakija Kenya huvaa matairi mengine kabisa, ya kuvumilia mawe na matope. Kama mabingwa wa dunia hubadili viatu kila wabadilipo barabara, mimi na wewe ni nani hata tukatae?

Hata hivyo kuteremka kuna mpaka, na lazima hesabu ifanywe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Kipenyo cha gurudumu zima kisibadilike sana, ama sivyo kipima mwendo kitasema uongo. Chukua mfano wa Subaru WRX STI ambayo huvaa tairi lililoandikwa 245/40R18. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 40 ya 245 ni milimita 98. Mara mbili ni 196. Rimu ya inchi 18 ni milimita 457. Jumla ni milimita 653. Ukiweka 215/50R17 utapata 215 na 432, yaani milimita 647. Tofauti haifiki hata asilimia moja. Hapo umepata tairi jembamba zaidi, lenye ubavu mrefu zaidi, na kipima mwendo kimebaki mkweli. Hesabu ikikubali, kitu cha mwisho ni kulinganisha na kitabu cha gari: ukubwa huo uwe umeruhusiwa, na tairi liwe na uwezo wa kubeba uzito usiopungua ule uliotajwa.

Mpaka wa pili ni breki. Magari ya mbio yana breki kubwa, na rimu ndogo mno haiingii juu yake. WRX STI zenye breki kubwa za Brembo hazikubali rimu ya inchi 16, na si kila rimu ya inchi 17 hupita. Mpaka wa tatu ni matundu ya nati. Impreza nyingi za zamani zina matundu matano katika duara la milimita 100, lakini STI tangu zile za mwaka 2005 zina duara la milimita 114.3. Rimu mbili zaweza kufanana kama mapacha, na moja isikubali kufungwa. Nunua rimu baada ya kupima, wala usipime baada ya kununua.

Je, rimu iwe ya chuma au ya aloi? Rimu ya chuma ni ya bei ndogo, na ikigongwa kwa kawaida hupinda kabla ya kupasuka. Ya aloi ni nyepesi, na kwa gari lenye breki kubwa mara nyingi ndiyo pekee inayoingia. Adui wa zote mbili ni chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hula chuma na kuchubua aloi. Kwa sababu hiyo mwenye busara hununua rimu za pili kwa majira ya baridi, akazihifadhi zile nzuri za kiangazi zisiharibike. Tena, matairi yakiwa tayari katika rimu zake, kubadilisha ni kazi ya jeki na spana, si ya kubandua mpira kila mara.

MANNE, SI MAWILI

Wako wanaonunua matairi mawili tu ya baridi ili kuokoa fedha. Huo ni uchumi wa hatari. Ukiyaweka mbele peke yake, mbele patashika na nyuma patateleza, na gari litajizungusha katikati ya kona. Ukiyaweka nyuma peke yake, utageuza usukani na gari litaendelea moja kwa moja kama mbuzi aliyekataa kamba. Yawe manne, ya aina moja, yaliyochakaa kwa kiasi kimoja. Kwa gari la kuvuta kwa magurudumu yote hii ni amri zaidi, maana matairi yenye mzunguko usiolingana huilazimisha mitambo ya katikati kufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue.

Katika kununua, soma ubavu wa tairi kama unavyosoma kitambulisho cha mtu. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Hiyo huonyesha kwamba tairi lilijaribiwa katika theluji likafaulu. Herufi M+S peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa mtengenezaji huweza kuziandika bila mtihani huo. Soma herufi ya mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, T ni 190, H ni 210 na V ni 240. Tairi la baridi mara nyingi lina herufi ndogo kuliko la kiangazi. Ujerumani huruhusu jambo hilo kwa matairi ya baridi, mradi karatasi yenye mwendo wa mwisho wa tairi ibandikwe mahali dereva anapoiona. Kisha soma tarakimu nne za mwisho katika namba inayoanza na DOT: 3522, kwa mfano, ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi la baridi likizeeka, mpira wake hukakamaa na laini iliyonunuliwa kwa fedha nyingi hutoweka, hata kama meno bado ni marefu.

SHERIA ZA HUKO

Ndugu zetu walioko huko wajue kwamba jambo hili halikuachwa kwa hiari ya dereva. Ujerumani haina tarehe maalumu, bali barabara ikiwa na theluji au barafu, tairi la baridi ni lazima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ni lenye alama ya mlima na theluji tu linalohesabiwa. Anayekamatwa bila tairi hilo hutozwa euro 60 na kuandikiwa pointi moja. Wajerumani wana kanuni rahisi ya kukumbuka: funga mwezi wa Oktoba, fungua wakati wa Pasaka. Sweden hudai matairi ya baridi toka tarehe 1 Desemba mpaka tarehe 31 Machi hali ya barabara ikiwa ya baridi, na meno yasipungue milimita 3. Austria hudai milimita 4. Jimbo la Quebec huko Kanada hulazimisha matairi hayo kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka tarehe 15 Machi. Uingereza haina sheria ya namna hiyo, lakini ukosefu wa sheria haujawahi kupunguza utelezi wa barafu.

Matairi yakishafungwa, bado dereva ana wajibu. Hewa ndani ya tairi hupungua nguvu baridi inapoongezeka, kiasi cha baa 0.1 kwa kila nyuzi 10. Kwa hiyo pima upepo kila baada ya wiki chache. Kaza nati tena baada ya mwendo wa kilomita 50 mpaka 100. Matairi yaliyopumzishwa yaoshwe chumvi, yawekwe mahali penye giza na ubaridi, mbali na mafuta. Yenye rimu yalazwe moja juu ya jingine. Yasiyo na rimu yasimamishwe na kuzungushwa mara kwa mara. Na usukani, breki na mafuta vyote vitumike kwa upole, kama anayebeba mtoto aliyelala. Mwenda pole hajikwai.

TAIRI LA THELUJI KATIKA JUA LETU

Sasa turudi nyumbani, maana hapa mambo yote hugeuka kinyume. Japani, isipokuwa katika mkoa wa Okinawa, ni kosa kuendesha gari katika barabara ya theluji bila kinga ya utelezi. Kwa hiyo gari la Kijapani lililotoka sehemu za baridi na kuuzwa nje laweza kuwa limevaa matairi ya theluji mpaka siku linaposhuka melini. Mnunuzi huku kwetu anayatazama matairi hayo, anaona meno marefu, mifereji mikubwa, mpira mweusi usio na mkwaruzo, naye anafurahi: "Nimepata gari na matairi mapya juu yake!" Matairi ya namna hiyo huonekana pia miongoni mwa yale ya mitumba yanayouzwa kando ya barabara.

Afande, furaha hiyo ichunguzwe kabla haijaleta msiba. Mpira uliotengenezwa ubaki laini chini ya nyuzi sifuri, ukiwekwa juu ya lami ya saa nane mchana hulegea kupita kiasi. Meno yake yenye mikato mingi huyumba gari linapokata kona, na usukani huitikia kwa kuchelewa. Katika breki ya ghafla juu ya lami yenye joto, kavu au yenye mvua, gari huenda mbali zaidi kabla ya kusimama kuliko lingekuwa na tairi la joto. Tena tairi huisha upesi kama kifutio cha shule. Hata Kabale, mji wetu unaosifika kwa baridi, hauna majira yanayolitaka tairi hilo.

Sasa ongeza injini ya takriban nguvu za farasi 300. Ongeza baba, mama, watoto watatu na gunia la ndizi. Ongeza mwendo wa haraka katika barabara ya Masaka, ukivuka Ikweta pale Kayabwe wakati wa jua kali, upepo wa matairi ukiwa pungufu kwa sababu hakuna aliyeupima. Tairi hupata joto kwa kujikunja, kwa mzigo na kwa mwendo. Lililo laini na lililozeeka huweza kuachana na nyuzi zake. Likipasuka hapo, si swali la uhodari wa dereva tena.

Kulitambua si kazi ngumu. Tafuta ubavuni neno STUDLESS, ambalo Wajapani huliandika katika matairi ya theluji yasiyo na misumari. Tafuta alama ya mlima na chembe ya theluji. Tazama meno: yakiwa yamechanjwa mikato myembamba mingi kama chale, na mpira ukibonyea kwa ukucha, basi hilo ni tairi la theluji. Lakini tusidhulumu tairi lisilo na hatia. Matairi mengi ya magari makubwa ya shambani na ya doria yana herufi M+S, nayo ni matairi ya matope na changarawe yanayofaa kwetu. Baadhi ya hayo hata yana alama ya mlima. Linalokataliwa ni lile lenye mpira laini na mikato mingi myembamba. Ukiwa na shaka, mwonyeshe fundi anayejua kusoma ubavu wa tairi, si yule anayejua kulisugua ling'ae.

Wako watakaosema: fedha iko wapi ya kununua matairi manne siku ile ile ya kununua gari? Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mwenye mshahara wa askari. Jibu letu ni kwamba bei ya matairi ihesabiwe ndani ya bei ya gari tangu mwanzo wa mapatano, kama unavyohesabu ushuru. Anayenunua gari la mbio na kukosa fedha ya matairi amenunua gari lililozidi uwezo wake. Heri angechukua gari la kiasi lenye viatu sahihi. Rahisi huwa ghali, na katika jambo hili ughali wake hulipwa na aliyekaa kiti cha nyuma.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwa ndugu aliye nchi ya baridi: matairi manne ya majira ya baridi yenye alama ya mlima na theluji, rimu ndogo kwa inchi moja ikiwa breki zaruhusu, tairi jembamba kidogo, kipenyo kile kile, upepo upimwe, yafungwe kabla ya theluji ya kwanza, si siku ya pili yake. Mwandikie leo, wala usingoje akujulishe kwamba gari limelala mtaroni.

Kwa aliye hapa: soma ubavu wa kila tairi, pamoja na la akiba, kabla ya kulipa, soma wiki na mwaka wa kutengenezwa, tairi la theluji lisibebe familia yako katika jua la Ikweta.

Kina mama nao wasiliache jambo hili kwa wanaume peke yao. Namba zilizo ubavuni mwa tairi husomwa na yeyote ajuaye kusoma, na mtoto wa darasa la sita aweza kufanya hesabu tuliyoifanya hapo juu. Jumamosi hii gari likioshwa uani, mwiteni mtoto na karatasi, mzunguke magurudumu yote manne pamoja, mkaandike mlichokiona.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya maji ya rejeta na sababu zinazofanya gari lichemke mlimani. Mpaka hapo, ndugu msomaji, safari njema.